Laela: lami imefika, mlango wa basi bado uko juu

Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza kilitoka Tunduma hadi Ikana, kilomita 63.7. Cha pili kilitoka Ikana hadi Laela, kilomita 64.2. Cha tatu kilitoka Laela hadi Sumbawanga, kilomita 95.3. Kwa hiyo jina la Laela limeandikwa mara mbili katika mpango wa barabara ile, mara moja kama mwisho wa kazi na mara moja kama mwanzo wake. Na mji wenyewe ndivyo ulivyo. Wanaotoka Tunduma hushuka hapo kunyoosha miguu na kununua mahindi ya kuchoma. Na wenyeji wa vijiji vya jirani hufika hapo kutafuta gari la kuwapeleka hospitali, sokoni au ofisini.

Wazee wa Ufipa hawajaisahau barabara ya zamani. Wakati wa masika malori yalizama kwenye tope, abiria wakalala njiani, na safari ambayo leo humalizika kabla ya adhuhuri ingeweza kula siku nzima na usiku wake. Fedha za kuibadilisha zilitokana na mkataba baina ya Marekani na Tanzania uliotiwa saini jijini Dar es Salaam mwezi Februari 2008, Rais George W. Bush alipokuwa mgeni wa Rais Jakaya Kikwete. Mkataba huo wa shirika la Millennium Challenge Corporation ulikuwa wa dola milioni 698, nao uligusa barabara, umeme na maji, ukafikia ukomo wake Septemba 2013. Songea, Mbinga, Tanga na Pemba walipata sehemu yao, na Ufipa ikapata lami. Ni neema ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeibeza.

Tulifika Laela wakati wa kipupwe, mavuno yakiwa yameanza kuingia. Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, una baridi ya asubuhi inayomshangaza mtu wa pwani. Ukungu hulala mabondeni hadi jua lipande, watu hutembea wamejitanda mashuka na makoti, na pumzi huonekana mdomoni kama moshi. Kisha mwanga hutanda juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na macho huona mbali sana, kwa kuwa nchi ile haina msitu wa kuyazuia. Mikokoteni ya ng'ombe hutoka vijijini imesheheni magunia. Mahindi huanikwa juu ya maturubai mbele ya nyumba za matofali ya kuchoma. Rukwa imo miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania, na anayetaka kulithibitisha hilo hana haja ya kufungua vitabu, akae tu Laela asubuhi moja ya mwezi wa saba.

Laela pia ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Jambo hilo lina uzito kwa habari tunayoieleza, kwa sababu eneo la halmashauri hiyo limegawanyika baina ya nchi ya juu na nchi ya chini. Juu ni uwanda, ambako Laela na Mpui zipo kando ya lami. Chini, ng'ambo ya ukingo mkali wa bonde, ni nchi ya joto ya Ziwa Rukwa, ambako kuna Muze, Mtowisa, Ilemba na jirani zake. Mtu wa Muze mwenye shida ofisini hupanda ukingo ule hadi Ntendo, akaingia Sumbawanga mjini, kisha akaanza kuzihesabu zile kilomita 95 za kwenda Laela. Kwa mwenye miguu mizima ni safari ya kuchosha. Asiyeweza kupanda ngazi ya gari huanza kwanza kwa kujiuliza kama ana safari yoyote.

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Tumeizoea mno kauli kwamba barabara imefika. Tukaenda stendi kutazama inamfikisha nani.

Katika stendi ya Laela husimama mabasi makubwa yapitayo kwenda na kutoka Sumbawanga, kosta, haisi na noa zinazojaza abiria wa karibu, bajaji chache na bodaboda nyingi. Katika basi kubwa, kidato cha kwanza cha ngazi humfikia mtu gotini, na juu yake kuna vidato vingine vyembamba vilivyopinda kuelekea kwenye ujia wa katikati. Katika haisi mlango ni wa ubavuni, paa ni la chini, na abiria huingia ameinama huku akivuka magoti ya waliotangulia. Uwanja wenyewe ni ardhi tupu, una mashimo yaliyochimbwa na matairi. Baina ya uwanja na barabara kuna mtaro wa kupitisha maji ya mvua, nao watu huuvuka juu ya kivuko cha mbao.

Karibu na hapo tuliliona lori likipakiwa mahindi kwenye ghala la mfanyabiashara. Dereva alirudi nyuma hadi tela likagusana na kibaraza cha ghala, kilichojengwa kwa kimo cha tela lenyewe. Ubao ukalazwa juu ya mwanya uliobaki, makuli wakaanza kupita na magunia mabegani, bila kupanda wala kushuka. Kibaraza kile ni mawe na saruji, kazi ya fundi wa kawaida. Lakini aliyekijenga alitambua kwamba mzigo haupandi wenyewe, na kwamba ni nafuu kuinua sakafu mara moja kuliko kuliinua kila gunia. Katika stendi ambayo binadamu hupandia magari, hatukuona kibaraza cha namna hiyo.

Tulimtembelea mama mmoja wa makamo, ambaye hatutamtaja jina wala mtaa wake. Miguu yake ilipooza tangu utotoni. Hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, na nyumbani kwake hushona nguo kwa cherehani aliyoifungia kipande cha chuma ili aizungushe kwa mkono. Alitukaribisha uani, akatupa viti, naye akaketi juu ya jamvi. Hana haja ya kuonewa huruma, na alitujulisha hivyo mapema. Shida yake ni kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, mjini Sumbawanga, anakotakiwa kurudi mara kwa mara.

Tulimwomba atuhesabie gharama za siku moja ya kliniki. Alihesabu kwa vidole. Kwanza bajaji ya kumfikisha stendi, kwa maana akienda na baiskeli yake peke yake hana wa kuishika atakapopandishwa. Pili nauli yake. Tatu nauli ya kaka yake anayemsindikiza. Nne malipo ya baiskeli, ambayo konda huihesabu kuwa mzigo na utingo huifunga juu ya keria. Tano bajaji ya Sumbawanga, kutoka stendi hadi hospitali. Halafu ni kurudi, na hesabu huanza upya. Na siku hiyo kaka yake hakwenda shambani. Jirani yake mwenye miguu hulipa nauli moja kwenda na moja kurudi. Kwa mwendo uleule, juu ya lami ileile, mama huyu hulipa mara tano kila upande.

Tukadhani fedha ndiyo shida yake kubwa. Akatikisa kichwa.

"Ndugu zangu, fedha hutafutwa," alisema. "Kubebwa ndiko kunakonishinda. Kaka yangu akiwapo, ananibeba, mambo yanakwisha. Asipokuwapo, utingo anauliza stendi nzima nani atanishika. Wanakuja vijana nisiowajua, mmoja kwapani, mwingine mapajani, na khanga inateleza mbele ya watu. Mimi ni mke wa mtu na ni mama wa mabinti. Basi mara nyingi ninawaambia waende tu, nitakwenda siku nyingine."

Wasomaji wa kurasa hizi hawahitaji kufafanuliwa maana ya stara kwa mwanamke Mwislamu, wala kwa mwanamke yeyote anayejiheshimu. Tunaisisitiza katika mavazi, tunaisisitiza katika malezi, tunawausia mabinti zetu waichunge. Kisha tunamweka dada yetu mahali ambapo hana budi kuchagua baina ya stara yake na matibabu yake. Na siku anapochagua stara, jina lake huwa miongoni mwa wagonjwa wasiohudhuria kliniki, kana kwamba alisahau au alipuuza.

Tulizungumza pia na konda. Ingekuwa rahisi kumpaka matope, lakini hakuwa mtu mbaya. Alituamkia vizuri, akatujibu huku jicho moja likiwa kwenye gari lililokuwa likijaza nyuma yake.

"Wazee wangu, mimi sina ubaya na mlemavu," alisema. "Hata bibi yangu ni kipofu. Lakini hesabu ya tajiri ni ya leo hii jioni. Nikisimama dakika kumi kumpandisha mtu mmoja na baiskeli yake, gari la nyuma linanipita na kuokota abiria wote hadi Mpui. Zile dakika kumi nani atanilipa?"

Swali lake linastahili kujibiwa. Tumezoea kulijibu kwa mawaidha, kwamba awe na huruma, akumbuke akhera, amsaidie mja wa Mungu. Mawaidha ni mema na hatuyaachi. Lakini konda hulazimika kupeleka hesabu kila jioni, na huruma ya mtu mmoja haiwezi kubeba gharama ya jamii nzima siku baada ya siku. Gharama ikiachwa kwake, ataitupa kwa abiria, na abiria huyo ndiye mama tuliyemtembelea.

Mfano wa jambo hili tunao majumbani mwetu. Nauli ya mwanafunzi katika daladala imewekwa chini ya nauli ya mtu mzima. Nia ni njema kabisa. Lakini pengo la fedha linabebwa na gari, na matokeo yake kila mzazi anayajua: watoto wenye sare hurundikana kituoni alfajiri, makonda wakiwakwepa na madereva wakisimama mbele ya kituo au nyuma yake. Amri isiyofuatana na fedha imewageuza watoto wetu kuwa abiria wasiotakiwa. Tukitoa amri ya namna hiyohiyo kwa ajili ya watu wenye ulemavu, tutavuna mavuno yaleyale.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kutuonyesha hilo kwa upande wa sheria. Sheria yao ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye magari ya abiria kuyarekebisha ili yawafae watu hao. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, ikataja usafiri wa umma kuwa miongoni mwa haki za mtu mwenye ulemavu. Ni maneno mazito na yenye heshima. Lakini anayesimama leo kituoni Nairobi au Mombasa anaiona matatu yenye ngazi ileile na mlango uleule mwembamba. Mwenye matatu aliambiwa arekebishe. Hakuambiwa gharama itatoka wapi.

Nasi Tanzania hatuna upungufu wa maandishi. Tuna Sera ya Taifa ya mwaka 2004. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 9 inataja usafiri kwa jina. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010. Na tunajua kwamba hatuzungumzii watu wawili watatu, kwa maana sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani. Si wote wasioweza kupanda ngazi, kwani yumo asiyeona, yumo asiyesikia, yumo anayetembea kwa shida tu. Hata hivyo, kwa hesabu hiyo, katika basi la watu 60 tungetarajia kuwaona sita au zaidi. Katika mabasi tuliyoyaona yakisimama Laela hatukuwaona. Wako nyumbani.

Je, fedha za umma zimewasahau kabisa? Hapana, na haki ni kusema hivyo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Ni jambo jema, na kwa Mwislamu anayeikimbia riba ni jambo jema zaidi. Lakini mkopo ni wa biashara, na biashara ina mwendo. Fundi cherehani anayekopeshwa atahitaji kufuata kitambaa, kupeleka nguo kwa wateja, kwenda ofisini kusaini fomu. Asilimia mbili zinamngoja mlangoni mwa ofisi, na hazina namna ya kumfikisha pale.

Upo pia msamaha wa kodi. Chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, hata gari moja la kuendesha mwenyewe, husamehewa ushuru. Huu nao ni wema, lakini humfaa mwenye uwezo wa kuagiza gari. Mama wa Laela hana gari la kusamehewa.

Wakati huohuo yeye ni mlipaji. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini hukatwa tozo ya Mfuko wa Barabara, na katika bajeti ya mwaka 2021/22 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini zilizo chini ya TARURA. Tozo hiyo imo ndani ya nauli. Anayelazimika kukodi bajaji mara nne kwa safari moja huichangia barabara kuliko jirani yake anayetembea kwa miguu hadi stendi. Anailipia lami mara nyingi, naye huitumia kwa nadra.

Wala hatusemi haya kana kwamba dunia haijapata kuyafikiri. Nchi iliyotoa fedha za barabara ya Laela ilikwisha kutunga sheria, mwaka 1990, kwamba mabasi mapya ya usafiri wa umma yatakayoagizwa tangu Agosti mwaka ule lazima yaweze kupandwa na mtu mwenye kiti cha magurudumu. Serikali kuu ya Marekani huchangia sehemu kubwa ya bei ya mabasi ya miji, kwa hiyo sharti na fedha vilikwenda pamoja. Leo basi la kule likisimama kituoni hushusha ubavu wake, ubao wa mteremko hutoka mlangoni, na abiria huingia mwenyewe. Fedha za Marekani zilizofika Ufipa zilitandika lami. Kilichobaki ni chetu kukifanya.

Na tumekifanya, mahali pamoja. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari jijini Dar es Salaam, kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, kwa mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Yanayolalamikiwa tunayajua, msongamano na kusubiri kwingi. Lakini mtazame mtu wa kiti cha magurudumu akifika kituoni. Hupanda kwa mteremko, hukuta jukwaa lililo usawa wa sakafu ya basi, na huingia bila kushikwa na mkono wa mtu. Fedha za umma zilipogharimia njia, kituo na gari kama kitu kimoja, kidato kilitoweka. Katika barabara zetu nyingine fedha za umma huishia ukingoni mwa lami, na kipande kilichobaki, kile cha kutoka ardhini hadi kitini, huachiwa sadaka.

Ndugu msomaji, historia yetu wenyewe ina somo hapa. Wanahistoria wa Kiislamu, at-Tabari akiwa mmoja wao, wanasimulia kuhusu Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kutoka Damascus kati ya mwaka 705 na 715 Miladia. Aliwapangia wenye ulemavu posho ili wasilazimike kuombaomba. Kiwete akampa mtumishi wa kumhudumia, na kipofu akampa mtu wa kumwongoza njia. Kiongozi wa njia wa kipofu ndio usafiri wa zama zile. Khalifa hakutosheka na kuwahimiza watu wa Damascus wawe na huruma kwa vipofu. Alilifanya kuwa jukumu la dola, pamoja na gharama yake. Karne kumi na tatu baadaye, konda wa Laela anauliza swali ambalo Damascus ilikwisha kulijibu.

Basi Laela ifanyiwe nini? Hatuombi mwendokasi wa Ufipa. Tunaomba mambo matatu yanayolingana na kimo cha mji ule.

La kwanza ni jukwaa. Mahali pamoja katika stendi pajengwe kibaraza cha mawe na saruji chenye mteremko wa taratibu, chenye kingo za kushika, na chenye ngazi mbili za kimo, moja ya basi kubwa na moja ya kosta. Gari lenye abiria wa namna hiyo lisogee hapo, ubao ulazwe, abiria aingie. Kivuko cha mtaro kiwe cha zege na kipana kiasi cha kupitisha baiskeli ya magurudumu matatu. Kibaraza kama hicho kijengwe Mpui, kijengwe Sumbawanga, ili anayepanda aweze na kushuka. Kitamfaa pia mjamzito, mzee wa magongo, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi.

La pili ni malipo ya zile dakika kumi. Iwepo stakabadhi inayotolewa kwa mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa, ambayo inalipia nauli ya msindikizaji wake na nafasi ya kiti chake, na mwenye gari aikomboe kwa fedha taslimu. Konda atakayejua kwamba abiria huyu analeta nauli mbili kamili hatamkwepa. Atamwita kwa jina. Mahali pa kuanzia ni siku za kliniki, kwa kuwa tarehe zake hujulikana na wahusika huhesabika.

La tatu ni ile mikopo isiyo na riba. Kikundi cha watu wenye ulemavu kikikopeshwa kununua bajaji yenye mlango wa nyuma na ubao wa mteremko, halmashauri nayo iwe mteja wake kwa mkataba wa kuwapeleka watu stendi, kituo cha afya na ofisini. Mkopo utalipika kwa sababu kazi ipo, na abiria watapata dereva anayejua namna ya kushika kiti bila kumshika mtu.

Tunajua atakayesema: zahanati zina uhaba wa dawa, shule zina uhaba wa madawati, leo mnataka vibaraza? Tunamjibu kwa upole. Dawa iliyopo Sumbawanga haimtibu aliyeshindwa kupanda gari Laela. Dawati lililonunuliwa halimfundishi mtoto asiyeweza kufika shuleni. Jamii ikilipia huduma bila kulipia njia ya kuifikia, imelipia nusu ya kitu, na nusu hiyo wanaifaidi wale ambao tayari walikuwa na nafuu. Na katika mambo tuliyoyataja, la kwanza linahitaji fundi wale wale waliojenga kibaraza cha mahindi.

Maombi ya fedha za halmashauri huanzia chini, katika vitongoji na vijiji, kabla ya kupanda hadi baraza la madiwani. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na mipango yake huandaliwa miezi kadhaa kabla. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa sheria, hukutana kila baada ya miezi mitatu. Kamati za misikiti, vikundi vya akina mama na wazazi wote wa uwanda ule wana nafasi ya kulisimamisha jambo hili pale, likaandikwa katika muhtasari, likahesabiwa. Katika nyumba nyingi za Laela yupo bibi, mjomba au mtoto anayehusika.

Tuna ombi dogo la kuanzia, lisilohitaji bajeti. Mkutano ujao ukiitishwa, waulizwe kwanza watu wenye ulemavu wafanyiwe mahali gani na saa ngapi, kisha atafutwe mwenye mkokoteni au bajaji wa kuwapitia majumbani mwao. Mama yule wa cherehani alituambia kwamba hajapata kuhudhuria hata mkutano mmoja. Hufanyika chini ya mti, ng'ambo ya mtaro.